Damu Moja, Bandama Mbili

Dada yangu Apolline alifika asubuhi na kikombe cha bati mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Hakuketi. Alisimama kwenye mlango wa jiko akamwambia mke wangu Euphrasie:

"Wifi, nipe zile za Rachelle. Za juzi zimekwisha."

Rachelle ni mjukuu wa Apolline. Euphrasie akanitazama mimi. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu cha mianzi, chupa ya dawa katikati ya magoti. Tangu tuliporudi kutoka Kasongo, chupa ile ilikuwa haikai tena jikoni.

"Haziko," nilisema.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "naziona kwa macho yangu."

"Zangu ziko. Za Rachelle haziko."

Kwetu Wamaza neno kama hilo halisemwi. Mtu anaweza kuficha nyama, watu wakamcheka tu yakaisha. Dawa haifichwi. Aliyepona humpa aliyelala, na aliyelala akiamka huipitisha mlango wa tatu. Mimi mwenyewe nimemeza dawa za watu wengi, na wengi wamemeza zangu. Ndiyo maana Apolline hakukasirika mara moja. Alidhani nafanya mzaha, akakisogeza kikombe karibu zaidi.

Ugonjwa wangu ulianzia tumboni, upande wa kushoto. Bandama ilivimba hata nikashindwa kufunga mkanda wa suruali. Fundi wa miti shamba alinichanja mara nyingi, ubavu wangu una alama kama mlango uliochezewa na watoto kwa kisu. Nilikonda. Jioni nilikuwa naloa jasho bila kazi yoyote. Mwishowe Euphrasie alinipakia kwenye moto, pikipiki ya kukodi, tukaenda Kasongo kwa daktari kijana anayeitwa Yves. Alichukua damu yangu, akadondosha matone kwenye karatasi ngumu, akayaacha yakauke, akaituma karatasi mbali, kwenye mashine. Jibu lilikuja: kansa ya damu.

Kusoma nilijifunza nikiwa na watoto tayari, kwenye masomo ya usiku ya parokia, na tangu hapo sikubali kumeza kitu nisichokielewa. Nilimuuliza Yves maswali mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kukohoa kwa makusudi. Alinieleza hivi. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi, na nyuzi hizo zimebeba maagizo ya namna mwili unavyojengwa. Katika chembe moja ya uboho wangu, nyuzi mbili zilikatika, kila moja ikaungwa na mkia wa mwenzake. Pale penye kiungo kikazaliwa kiagizo ambacho hakikuwapo: zaeni, zaeni, msipumzike. Chembe ile ikatii, na watoto wake wakatii, hata damu ikajaa wasiotakiwa. Dawa yenyewe haiui kila kitu kama dawa kali za zamani. Inakiziba mdomo kile kiagizo tu.

"Kabla ya dawa hii, wengi hawakumaliza miaka mingi," Yves alisema. "Siku hizi anayeimeza kila siku anaweza kuzeeka."

"Mimi ni mzee tayari."

"Basi utazeeka zaidi, Mzee Muzaliwa."

Nilimuuliza kama nimerithi kwa baba. Akasema hapana. Nimewapa watoto wangu? Hapana. Kosa lile lilitokea ndani yangu mwenyewe nikiwa mtu mzima, na nitaondoka nalo.

Vidonge vinne kwa siku, pamoja na chakula na kikombe kikubwa cha maji. Vinatoka kwenye msaada, navyo huja vimehesabiwa kwa jina la mgonjwa. Nilimeza. Bandama ikarudi mahali pake. Nikafunga mkanda, nikarudi kwenye shamba langu la mpunga, na kijiji kizima kikaona.

Hapo ndipo Euphrasie alipofanya alichofundishwa na mama yake. Mume amenenepa, amepona, dawa inakaa bure, na nje kuna watoto wenye matumbo makubwa. Kwenye kisahani changu vidonge vikawa viwili. Mimi niliviona, nikafikiri daktari amepunguza, na mara hiyo sikuuliza. Tuliporudi Kasongo kupimwa, Yves akakunja uso. Wasiotakiwa walikuwa wameongezeka.

"Mama, anakunywa zote?"

"Vizuri kabisa, munganga," Euphrasie alijibu, na alijibu kwa fahari. "Sisi hatuko watu wa kunyima. Mbili anakunywa yeye, mbili tunasaidia wengine."

Yves aliweka kalamu chini. Mama yake ni mkulima wa mpunga, kwa hiyo alijua aseme nini. "Mama, mpunga ukiiva unaweka walinzi wangapi wa kufukuza ndege?"

"Shamba letu? Wane. Kila pembe mumoja."

"Ukiwaondoa wawili?"

"Ndege watakula," Euphrasie alijibu.

"Ndege hawaji tu kula," Yves alisema. "Wako wachache ambao hawaogopi kelele sana. Hao ndio wanaobaki, wanataga, na watoto wao hawaogopi kabisa. Kiisha, hata ukirudisha walinzi wane, wanawacheka."

Akadondosha damu yangu kwenye karatasi nyingine, aitume iangaliwe kama ndege wa namna hiyo wameshazaliwa. Euphrasie alilia njia nzima mgongoni kwangu, machozi na vumbi. Tulipofika nyumbani alinikabidhi chupa mwenyewe.

Hayo yote nilimweleza Apolline asubuhi ile. Alisikiliza akiwa amesimama, kikombe mkononi.

"Umemaliza?" alisema. "Sasa sikia miye. Weye na miye tumetoka tumbo moja. Rachelle ni mujukuu wangu, ni damu yako. Bandama yake imevimba kama yako. Damu moja, ugonjwa moja, dawa moja. Nini iko nguvu kuelewa hapo?"

"Ugonjwa huu hautembei kwa damu ya ukoo."

"Ah! Yaya amekuwa munganga. Tutakushonea koti nyeupe."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Dawa inafanya kazi. Anatapika, na macho yamevimba. Ugonjwa unatokea kwa macho."

Mimi pia huamka macho yamevimba, na Yves alikuwa ameniambia wazi kwamba hiyo ni dawa, si ugonjwa. Nikasimama.

"Apolline, usimpe tena hata kimoja. Unamuumiza."

"Unataka aache dawa, afe?"

"Nataka aende kupimwa."

Aligeuka akatoka. Alipofika njiani, mahali ambapo majirani wote wanasikia, alipaza sauti: "Muzee muzima anakula miaka ya mutoto!"

Neno hilo si matusi ya kawaida, ni kumwita mtu mchawi. Kwetu limeshachoma nyumba. Euphrasie aliketi palepale chini, kanga mdomoni. "Baba Jean-Pierre, mupe," aliniambia. "Mupe kidogo tu, watu wanyamaze."

"Wakinyamaza halafu mimi na Rachelle tukazikwa, utakuwa umenunua nini?"

Mchana uleule ukoo uliitwa uani kwa Atumani, mtoto wa baba yangu mkubwa, ndiye anayetuamua. Nilivaa shati langu la Jumapili. Nilibeba chupa mkononi, wazi, mtu asije kusema nimeificha. Rachelle alikuwa amelala kwenye mapaja ya Apolline, tumbo limemtangulia, macho kama ya mtu aliyeumwa na nyuki.

"Muzaliwa," Atumani alisema, "unajua wanachosema."

"Najua. Na mimi naomba waniambie usoni."

Hakuna aliyenitazama. Nikaendelea. "Mimi nataka kuishi. Sioni haya kulisema. Mzee hakuamriwa kufa ili watu wamsifu. Lakini huyu mtoto nataka aishi kuliko mimi, na kwa dawa yangu hataishi. Kesho tupande moto wote watatu, mimi, Apolline na yeye. Mimi na yeye tupimwe damu pamoja."

"Na munganga akisema ni ugonjwa moja?" Apolline aliuliza.

Atumani alikuna ndevu. "Akisema ni mmoja, Muzaliwa atagawa chupa nusu kwa nusu mbele yetu sote. Unakubali?"

Euphrasie alinifinya paja. Nilijua kwa nini. Yves alikuwa amewahi kuniambia kwamba hata mtoto anaweza kupata ugonjwa wangu, mara chache sana, lakini anaweza. Kwa hiyo sikuwa na hakika. Nilitazama macho yale ya Rachelle.

"Nakubali," nikasema.

Mvua ilikuwa imekula barabara. Tulisukuma pikipiki kuliko tulivyoipanda, na kwenye matope dereva alitushusha kama magunia. Apolline hakusema nami. Alimfunga Rachelle mgongoni, akatembea mbele, miguu imara, kama alivyotembea akiwa msichana. Mara moja tu, nilipoteleza, alinishika mkono. Kisha akauachilia haraka, kana kwamba ni kosa.

Kwenye kliniki muuguzi Francine alimpokea mtoto, akaminya tumbo taratibu, kisha akainua kope zake kwa kidole. Akanigeukia.

"Nani amemupa huyu mutoto dawa ya muzee?"

Apolline alimrudisha mtoto mapajani mwake.

Wakatutoboa vidole, mimi na Rachelle, kwenye benchi moja. Yeye hakulia, alinitazama mimi kwanza aone kama nitalia. Tukangoja. Chupa ilikuwa mfukoni mwangu na nilihisi uzito wake. Nilikuwa nimeshaamua: nikitakiwa kuigawa nitaigawa, neno langu ni neno, halafu nitatembea kwa miguu hadi Bukavu kutafuta nyingine.

Yves alitoka akatuita ndani. Alimketisha Apolline kwenye kiti, si mimi.

"Mama, katika damu ya mtoto wako wale wasiotakiwa wa Mzee hawamo. Damu yake ni chache, na imejaa malaria. Ameugua, akapona nusu, akaugua tena, mara nyingi. Bandama imechoka kuchuja. Ndiyo maana imevimba."

"Lakini tumbo lao liko sawasawa."

"Nyumba mbili zinaweza kutoa moshi, mama. Moja inapika, nyingine inaungua."

Apolline alilishika tumbo la Rachelle. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwake tangu tumzike mama: "Na macho yake, ni miye?"

"Ni dawa. Ukiiacha, yatashuka. Umekuja mapema."

Rachelle akapewa dawa zake, na chandarua. Apolline alizishika, akazigeuza mkononi.

"Na hizi, zikibaki?"

"Zisibaki!" tulisema watu wote watatu, Yves, Francine na mimi. Hata dereva aliyekuwa mlangoni alicheka. Apolline naye akacheka, halafu akafuta macho kwa pembe ya kanga.

Kwa Atumani alieleza Apolline mwenyewe. Mimi sikufungua mdomo. Alisimama katikati ya uwanja ule akasema, "Neno nililolisema njiani, nimelirudisha. Aliyelisikia na alirudishe." Atumani alitaka nitoe kuku wa mapatano. Nikamwambia kuku atatoka kwa aliyetukana. Apolline akasema kuku wake ni wembamba, nivumilie.

Rachelle sasa anakimbiza ndege kwenye mpunga wangu, pembe ya mashariki. Tumbo bado liko, ila linapungua.

Karatasi yangu haijarudi. Labda wale ndege wasioogopa wameshazaliwa ndani yangu, labda bado. Yves anasema kama wapo, iko dawa nyingine iliyotengenezwa kwa ajili yao, ni ngumu zaidi kuipata. Nimemwambia aandike maombi tangu sasa. Dereva wa moto nimemwambia abadilishe tairi la nyuma.

Kila jioni, Euphrasie akitenga wali na sombe, majani ya muhogo, Apolline hutokea na kikombe chake cha bati, kimejaa maji. Juzi jirani alikuja kuuliza kama kuna kidonge kidogo cha mgongo. Kabla sijajibu, dada yangu alikuwa ameshamwonyesha njia: "Hizi hazigawiwi. Peleka mugongo wako Kasongo!"

Kisha akanigeukia. "Yaya, fungua mukono."

Nikaufungua. Akahesabu kwa kidole mpaka cha nne, akanipa kikombe, akabaki amesimama pale mpaka akaona vimeshuka kooni mwangu.