Mheshimiwa Anaomba Msimchague

Kaka yangu mkubwa ni mbunge, na mimi ni fundi cherehani. Kati yetu wawili, mimi ndiye ninayeshona kitu kikakaa. Siku aliyokuja na mkewe kutaka makoti mazito ya baridi, nilijua kuna kitu ameuza.

"Kitambi ameniahidi ubalozi," alisema huku nikimpima mabega. "Najitoa kwenye ubunge, namwachia yeye. Akishinda tu, sisi huyoo, kwenye ndege."

Kitambi ndiye mpinzani wake, mwenye jamaa Ikulu, ambaye mpaka juzi kaka alikuwa akimwita mwizi. Nilipomkumbusha, aliniambia siasa si uadui, dada.

Tatizo ni kwamba karatasi za kura zilikuwa zimeshachapishwa, na yeye yumo, anatabasamu kwenye picha. Kura zikigawanyika, Kitambi anaanguka na ubalozi unaota mbawa. Basi akakimbilia mahakamani kuomba jina lake liondolewe.

Mimi na mama tulikaa benchi la nyuma. Wakili wake alirekebisha joho, akasema ni ukatili kumlazimisha mtu agombee. Jaji, mama mmoja mwenye miwani iliyoteremka puani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wakili," akasema, "uchaguzi uliopita walitaka kumwondoa mteja wako huyuhuyu kwa cheti cha shule cha kughushi. Nani alisimama hapo ulipo akadai kwamba jina likishachapishwa ni la wananchi, halifutwi?"

Wakili alirekebisha joho tena.

"Mahakama ilikukubalia. Mpaka leo inakukubalia. Ombi limetupwa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini sikuwahi kuona anayeingia pamoja na wakili. Nilicheka mpaka karani akanikemea.

Ikabaki kuwabembeleza wapiga kura. Kaka alipanda gari la vipaza sauti, akazunguka mitaa yote. "Ndugu zangu, naapa kwa Mungu, msinichague! Mpeni Kitambi, ni mtu safi!"

Watu waliacha shughuli zao wakasikiliza. Huyu ndiye aliyeahidi maji, na bomba letu mpaka leo linakohoa. Ndiye aliyeapa kwamba soko halitavunjwa, na cherehani yangu niliifukua kwenye kifusi kwa mikono hii. Bado nina hasira naye, ndugu au si ndugu.

Kinyozi jirani yangu alisimama mlangoni na mkasi wake, akafikiri.

"Mheshimiwa amewahi kutuambia kweli?" akauliza.

"Hata siku moja," akajibu mteja, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Na sasa anasema Kitambi ni mtu safi. Basi huyo Kitambi ni balaa kubwa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, jamani. Tubaki na letu."

Mtaa mzima ukaona kinyozi amesema. Kaka alishinda kuliko alivyowahi kushinda alipokuwa anautaka ubunge.

Matokeo yalipotangazwa, alikuja kwa mama akajibwaga kwenye kochi. Makoti yalikuwa bado yananing'inia dukani kwangu.

"Mama, hata wewe umenipigia kura? Si nilikuapia kwamba sitaki?"

"Mwanangu, nimekuzaa mimi," mama akasema. "Toka utotoni, ukisema hutaki, mdomo umejaa."

Hapo kaka akaangua kilio. Naapa yalikuwa machozi ya kweli, ya kwanza ninayoyajua mimi. Mama alimtazama kwa upendo, kisha akanigeukia.

"Mpe kaka yako leso," akaniambia. "Furaha imemzidi."