Bomba la Inchi Tatu

Baba yangu na mume wangu wanaheshimiana mpaka inachosha. Ni ile heshima ya ukwe: hawakai benchi moja, mmoja hamwoni mwenzake amelala, na mkwe hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Neno likiwa gumu linapitia kwangu. Mimi Dafroza, mama wa watoto wawili, ndiye nimegeuzwa simu yao.

Mume wangu Evance ni fundi magari, tunaishi Kamunyonge hapa Musoma. Ana Mark II kuukuu ambayo ameifungia turbo aliyoitoa kwenye pikapu bovu. Turbo, kwa asiyejua, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini, ili injini ivute hewa nyingi na kupata nguvu. Sasa yeye akaiweka jirani kabisa na paipu za breki. Siku moja tunateremka Mwigobero kununua dagaa, joto la turbo likachemsha mafuta ya breki, pedeli ikazama mpaka chini, tukasimamishwa na rundo la mchanga wa mtu anayejenga. Nikamwambia Evance, turbo ihame au nihame mimi. Akaamua kuihamishia nyuma, chini ya buti.

Hapo ndipo baba akaingia. Mzee Stanslaus, mtu wa Butiama, aliendesha pampu za umwagiliaji kule Guta miaka mingi, akivuta maji ya ziwa kupeleka mashambani. Kwenye pampu, anasemaga, bomba la kuingiza likiwa jembamba umeua pampu. Basi akaja Kamunyonge na bomba la chuma la inchi tatu begani, zawadi kwa mkwe wake, litoke kwenye injini mpaka kwenye turbo huko nyuma. Evance akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Baba alipoondoka tu, mume wangu akanifuata jikoni. Akanieleza kwamba moshi si maji. Moshi una nguvu ukiwa wa moto na wenye mbio. Kwenye bomba pana na refu namna ile utatembea taratibu, utapoa njiani, na ukifika kwenye turbo umeshachoka. Kabla ya turbo inchi mbili zinatosha, baada ya turbo ndipo liwe pana. Likifungwa hili la mzee, ukikanyaga mafuta gari litakaa kwanza linafikiri, halafu litakurupuka wakati hulitaki tena. Akaniomba nimwambie baba. Nikamuuliza kama yeye hana mdomo. Akanitazama kama nimemwambia avue suruali kanisani.

Nikampigia baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema nishughulike na watoto wangu, na kama Evance ana neno alilete mwenyewe. Evance hakulileta. Alilichomelea lile bomba lote, tena kwa kazi safi isiyo na kasoro, huku mimi nasonga ugali nikitamani kuwapiga wote wawili na mwiko.

Kazi ilipokwisha, baba akataka tumpeleke Bunda kumsalimia shangazi Mary, ili naye aone bomba lake linavyofanya kazi. Watoto niliwaacha kwa jirani, kwa makusudi. Mimi nilipanda kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani nikisubiri kupigiwa simu. Kabla hatujaondoka nilimwapisha Evance kwamba hatapita gari lolote njiani, hata kama ni trekta. Akaapa.

Tukampitia baba Butiama asubuhi, amevaa koti lake la kanisani. Akakaa mbele, mimi nyuma. Mpaka Kiabakari mambo yalikuwa shwari, baba anasifia jinsi gari linavyonguruma. Mbele kidogo tukalikuta lori la pamba limejaza marobota, linajikokota. Tukakaa nyuma yake. Basi dogo likaja, likatubana kwa nyuma.

Baba akauliza kwa upole mbona tunalala. Evance akacheka kidogo. Lori likazidi kujikokota.

"Mpite huyu, mkwe," baba akasema.

Evance akaniangalia kwenye kioo. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia baba kwamba hatuna haraka. Baba hakunisikia, au alijifanya. Akarudia neno lile lile, polepole, na Evance akatoka kulia.

Akakanyaga mafuta. Injini ikaunguruma, gari halikwenda. Tulikuwa sambamba na matairi ya nyuma ya lori, kisha ya katikati, kisha tukabaki hapo hapo kama tumefungwa kamba. Mbele likatokea basi, taa zote zinawaka. Nikageuka nyuma: nafasi yetu imeshachukuliwa na lile basi dogo. Hakuna pa kurudi. Evance alikuwa ameukandamiza mguu mpaka goti limenyooka, na midomo yake inasema twende, twende, bila sauti. Niliwaona wanangu wameketi kwa jirani wanasubiri chai. Nikashika koti la baba kwa nyuma, nikalivuta kama mtoto.

Ndipo turbo ikaamka. Gari liliruka, nyuma ikateleza, tukapita pua ya lori na basi likatupita na upepo wake na honi yake. Evance alipambana na usukani, tukatoka nje ya lami, tukasimama ukingoni mwa shamba, tairi moja mtaroni.

Baba alishuka wa kwanza. Alishika mlango kwa mikono miwili. Akamuuliza Evance kama alijua. Evance akatazama viatu vyake, kwa hiyo nikajibu mimi kwamba alijua, na kwamba yeye baba nilimpigia simu nikamwambia.

Hakunigeukia.

"Ulijua, ukampandisha binti yangu."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini?"

"Bomba ulileta wewe."

Hasira ikanipanda hadi masikioni. Nilimwambia baba yangu mzazi maneno ambayo sijawahi kumwambia: kwamba mimi nikifa, wao watakuja kukaa matangani, huyu huku na huyu kule, wanaheshimiana mbele ya kaburi langu. Nikamwambia na Evance hayo hayo. Sikuomba radhi.

Baba akavua kofia, akajifuta uso.

"Niambie wewe," akamwambia Evance. "Usimtume huyu."

Evance akainua uso.

"Baba, ulikosea. Kabla ya turbo linatakiwa la inchi mbili."

Nilidhani mzee ataondoka kwa miguu kurudi Butiama. Alivaa tena kofia yake, akatazama chini ya gari.

"Tulikatie wapi?"

Evance akajilaza chali, akaingia chini, akaanza kumwonyesha kwa kidole. Baba aliinama, hakuona vizuri. Akainama zaidi. Mwisho akalala. Mzee mzima, na koti lake la kanisani, alilala chali kwenye kokoto bega kwa bega na mkwe wake, jambo ambalo kwetu halifanyiki, nikasikia anauliza na Evance anamjibu, anauliza tena, anajibiwa. Miguu yao ilikuwa imetokeza upande wa lami. Nikavua mtandio nikasimama pale nikiyapungia magari yapite mbali na miguu hiyo, huku nalia kwa hasira, na kwa furaha kwamba wote wawili wako hai.