Mshika Gunia

Akufukuzaye hakwambii toka. Bi Mwiko aliuamini msemo huo kuliko alivyoiamini mizani ya muuza nyama, na tangu ahamie kwa mwanawe alikuwa akiishi roho juu, akingoja siku ambayo hataambiwa. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi, alipoingia chumbani mwake akamkuta mkwewe, mke wa mwanawe huyo, kapanda juu ya stuli, utepe wa kupimia mkononi, anaigonga boriti iliyopita juu ya kitanda, alisimama hapo hapo mlangoni.

"Unatafuta nini huko juu, mwanangu?"

"Pa kutundika gunia la ngumi, mama," mkwe akasema, penseli ikiwa mdomoni. "Lile la mazoezi. Nataka nianze kujifunza hapa hapa nyumbani."

Bi Mwiko akasema vizuri sana, mazoezi ni afya. Mkwe alipotoka, akaketi ukingoni mwa kitanda chake, akakipapasa kama mtu anayeaga.

Jina la Bi Mwiko alipewa na wanafunzi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka mingi, na masufuria yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mtoto mdogo angeweza kuogea ndani. Mwiko aliokuwa akikorogea ulimzidi kimo mpishi msaidizi. Alipostaafu, nyumba ya shule akapewa mpishi mpya, na mwanawe, dereva wa malori ya masafa marefu, akaja na lori tupu akampakia yeye na kitanda chake. Kwingine kwa kwenda hakuwa nako, ila kwa dada yake katika mji mwingine, na dada huyo alikuwa na paka wengi na maneno mengi zaidi.

Kwa mwanawe hakukosa kitu, na hapo ndipo palipomuuma. Mkwe hakumruhusu kuosha hata kikombe. "Kaa, mama, umepika vya kutosha," alikuwa akisema, huku akimtoa sufuria mkononi kwa upole, kama mtoto anavyonyang'anywa kisu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Mwiko alikuwa amemaliza miezi na jembe lenyewe hajaliona. Alijihesabu mgeni, na mgeni, hata akipendwa vipi, ana siku yake ya kuondoka.

Tena mkwe mwenyewe alikuwa mtu wa kimya. Alifanya kazi ofisi ya maji, dirisha la malalamiko, na jioni alirudi uso umekaza, akatoa salamu, akaingia jikoni kukata vitunguu kwa nguvu ambazo vitunguu havikuzistahili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Bi Mwiko alikuwa akijisemea sebuleni, akikisikiliza kile kisu. Sasa mshindo ulikuwa unakuja, na ungetundikwa juu ya mto wake.

"Dukani nakwenda na wewe," akatangaza wakati wa chai. Kama ni kufukuzwa, basi angalau awepo kukichagua hicho kitakachomfukuza.

Duka la vifaa vya michezo lilikuwa refu na jembamba, likinuka ngozi na mpira mpya. Mwenye duka aliwahi kuwa bondia. Pua yake iliwahi kupelekwa kushoto na haikurudi, na alizungumza kwa kuinamisha kichwa, maana sikio moja lilikuwa limestaafu pamoja na ngumi.

"Nani anaanza?" akauliza, macho kwa Bi Mwiko.

"Usinichekeshe. Ni huyu hapa."

Magunia yalikuwa nyuma ya duka, mengine yananing'inia kwa minyororo, mengine yamesimama juu ya vitako vipana vya plastiki. Bi Mwiko alipoyaona hayo ya kusimama, akashusha pumzi. Hayakuhitaji boriti. Yangeweza kukaa sebuleni, uani, hata kwa jirani.

"Hili zuri," akasema, akilipiga kofi kama alivyokuwa akipiga magunia ya maharage kuona kama yamepunjwa. "Linasimama lenyewe, halisumbui mtu."

"Ni zuri kwa asiye na pa kutundika, mama," mwenye duka akasema. "Kitako chake unakijaza maji. Lakini ukilipiga sawasawa linatembea. Unaanzia chumbani, unamalizia mlangoni."

"Si ndiyo vizuri. Likichosha litatoka lenyewe."

"Mama, mimi nataka la kuning'inia," mkwe akasema. "Boriti tunayo."

"Boriti ile imechoka."

"Nimeigonga yote, nzima kabisa."

Bi Mwiko akaliacha lile gunia la kusimama. Raundi ya kwanza alikuwa ameshapigwa, na alijua.

Mkwe alikwisha simama mbele ya gunia kubwa kuliko yote, jeusi, la ngozi, linaloning'inia hadi karibu na sakafu. Akalitazama kwa upendo, akakunja ngumi, akalitwanga mkono mtupu. Gunia halikutikisika. Aliyetikisika ni yeye, akabaki amekishika kifundo cha mkono, uso umemkunjamana.

"Nimekuacha makusudi," mwenye duka akasema. "Nikisema mimi hamsikii, likisema lenyewe mnasikia. Hilo ni la mtu ambaye mkono wake umeshaijua njia. Gunia la anayeanza lazima lijue kusamehe."

Akawapeleka kwenye safu ya katikati. Gunia, akaeleza, liwe na uzito kama nusu ya uzito wa mpigaji. Likizidi sana linakula mikono, likipungua sana linakukimbia. Akamshika mkwe kidole gumba akakibonyeza kwenye ubavu wa gunia moja, asikie jinsi linavyobonyea. Hilo limeshindiliwa mabaki ya vitambaa, si mchanga, kwa sababu mchanga hushuka wote chini na baada ya muda unajikuta unapigana na jiwe. Na bendeji za kufunga mikono zinunuliwe kabla ya majivuno. Kisha akamwuliza mkwe ana uzito gani, na alipojibiwa, akamtazama kana kwamba angependa arudi nyumbani akale kwanza.

"Basi lako ni hili," akasema, akiligusa gunia la turubai la bluu, nalo likaanza kubembea. "Lina kasoro moja. Ni jepesi, linayumba. Miezi ya mwanzo lazima awepo mtu nyuma yake, alikumbatie hivi, aegemeze bega. Kama nyumbani huwa uko peke yako, nenda na zito kidogo, utavumilia."

Bi Mwiko akaanza kupiga hesabu. Mwanawe yuko barabarani wiki baada ya wiki, na mtu anayepanga kubaki peke yake nyumbani atachukua lile zito. Jibu lake lote lilikuwa hapo, na hakuhitaji kuuliza.

"Nachukua hili jepesi," mkwe akasema bila hata kugeuka, akiwa anahangaika kuvaa glovu. "Mtu wa kushika ninaye. Si ndiye huyu hapa?"

Mwenye duka akampima Bi Mwiko kwa macho, mabega mapana na mikono iliyokoroga masufuria ya bweni, akaridhika. "Huyu angeshika hata ukuta."

Bi Mwiko alitaka kucheka, akaikumbuka boriti. Akapiga moyo konde.

"Na litaning'inia wapi?"

"Baraza ya nyuma. Wapi tena?"

"Nilidhani chumbani kwangu. Juu ya kitanda."

Mkwe akaanza kucheka, kisha akamwona usoni, kicheko kikakatika. Akaivua ile glovu.

"Mama, boriti ya kwako ndiyo hiyo hiyo inayotokeza barazani. Nilikuwa naangalia kama nikipiga huku, wewe huko kitanda kitatikisika." Akamsogelea. "Ulidhani nakutoa?"

"Hukusema kitu. Na anayekufukuza huwa hasemi."

"Na anayekupenda je, huwa anasema? Maana mimi ni mbovu wa kusema. Siku nzima natukanwa pale dirishani, najibu asante kwa kutujulisha. Kuna bwana mmoja anakuja na chupa ya maji ya matope, ananiambia niyanywe yeye anaona. Nikifika nyumbani maneno yameisha, zimebaki ngumi tu."

"Kumbe vile vitunguu..."

"Ni yule bwana, mama."

Hapo Bi Mwiko akacheka, akacheka mpaka mwenye duka akageuza lile sikio lake zima kutaka kujua. Alifurahi, na ndani ya furaha hiyo akaona haya kidogo, kwa jinsi alivyomhukumu mtoto wa watu kwa sauti ya kisu.

Siku ya pili fundi akaja kufunga kulabu barazani, akajining'iniza mwenyewe kuonyesha kuwa imeshika, akaondoka. Mkwe akazungusha bendeji mikononi kama alivyofundishwa, akazifungua, akaanza upya. Bi Mwiko akaenda nyuma ya gunia, akalikumbatia, akaegemeza bega, miguu akaipanua kama zamani mbele ya jiko la kuni.

Ngumi ya kwanza ilifika kwa adabu.

"Hiyo ni ngumi, au unabisha hodi?"

"Naogopa nitakuumiza, mama."

"Mimi nimesimama kati ya chakula na bweni zima la wavulana wenye njaa. Piga."

Mkwe akapiga. Ikapita katika vitambaa vyote, ikamfikia Bi Mwiko begani, nzito lakini laini, kama mtoto anavyopiga teke tumboni mwa mamaye.

"Huyo nani?" akauliza.

"Yule wa chupa."

"Mwongeze."

Akaongezwa. Baada yake akapigwa mama aliyerusha bili dirishani, akafuata meneja anayesahau majina ya watu, na foleni nzima ya ofisi ya maji ikapita pale barazani, mmoja mmoja. Ngumi nyingine zilikosea njia, zikateleza pembeni, na mpigaji akazifuata akitaka kuanguka. Bi Mwiko alizipokea zote. Kila ilipomfikia, gunia lilijaribu kukimbia naye akalirudisha mahali pake, na hakukuwa na mtu mwingine katika nyumba ile wa kuifanya kazi hiyo.

Walipomaliza, mkwe akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, jasho limemlowesha. Uso wake ulikuwa umelegea, mzuri, kama Bi Mwiko alivyouona siku ya harusi. Mikono ilimtetemeka hata glovu akashindwa kuzivua.

"Mama, leo hata kisu siwezi kushika. Utatupikia?"

Bi Mwiko hakujibu, asije mtu akabadili mawazo. Alikuwa ameshaingia jikoni. Akafungua droo ya kwanza, akakuta vijiko. Ya pili, vitambaa vya meza. Miezi yote hiyo, mpishi mzima, hakujua mwiko wa nyumba ile unakaa wapi.

"Ya tatu, mama," mkwe akamwambia kutoka barazani.