Upande wa Pili wa Bawa

Ndege ya baba haikuwa na hata msumari mmoja, lakini ilikuwa imeshayafukuza magari yetu yote mawili kwenye gereji.

"Magari yanalala nje kama mbuzi wasio na mwenyewe," mama alilalamika kila asubuhi, akikwangua barafu kwenye kioo kabla ya kwenda kazini, hospitalini Arlington. "Ndege ambayo haipo ndiyo inalala ndani."

Ndani kulikuwa na chaki tu. Baba alikuwa amechora sakafuni miili ya ndege mbili kwa ukubwa wake halisi, moja kwa chaki nyeupe na nyingine kwa buluu, mistari imepishana hadi uzoee ndipo uelewe. Zote zilikuwa za mabawa ya ghorofa, moja juu na jingine chini, kama ile aliyoiona utotoni ikinyunyizia dawa mashamba ya chai kule Rungwe. Nyeupe ilikuwa ya kale, ya miaka ya thelathini: mbao, kitambaa, viti viwili, abiria mbele na rubani nyuma. Ya buluu ilikuwa ya kisasa, ya kiti kimoja, na mabawa yake yangeletwa kutoka kiwandani yakiwa yamekwisha kufunikwa.

Tangu Januari baba alikuwa hajaamua. Jumatatu alikuwa wa buluu, Jumatano wa nyeupe. Jioni nilimsikia akitembea juu ya ile chaki kwa soksi, huku na huku, na mimi juu chumbani nikigeuka kitandani kila alipogeuka. Akielekea buluu, nilipumua. Akielekea nyeupe, nilivuta blanketi hadi kichwani.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uzamili Oregon, upande wa pili kabisa wa Marekani, na walitaka jibu Jumatatu. Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu. Ndege ya buluu mtu angeweza kuiunda peke yake. Nyeupe ilitaka mikono minne kwa miaka, na miwili kati ya hiyo ilikuwa yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikuwahi kukataa. Basi nikajiwekea sharti la kitoto: baba akichagua buluu, nakwenda. Akichagua nyeupe, nabaki nyumbani hapa Woodbridge, niendelee na kazi ya maabara Beltsville na foleni ya barabarani asubuhi na jioni. Mezani niliisifu ya buluu kila nilipopata nafasi.

Jumamosi alikuja Yohance, rafiki wa baba, fundi mstaafu wa ndege. Ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni miaka ya sabini, na hajawahi kuruka silabi.

"Shikamoo, mjomba," nikamwamkia.

"Marahaba, mpwa wangu Vumilia. Je, waonaje hali?"

"Huyu anaongea kama taarifa ya habari," baba akasema. "Karibu, bwana. Umeleta nini?"

Alikuwa amebeba kipande cha bawa la mazoezi, kirefu kama mlango, mbavu za mbao zimefunikwa kitambaa pande zote mbili. "Ndugu Lusekelo, umezitazama zile chaki miezi mitatu. Jaribu kwanza kazi yenyewe, ndipo uchague."

Tulikisimamisha juu ya vigoda viwili. Kitambaa cha bawa hushonwa kwenye mbavu, na mshonaji mmoja hawezi. Baba alisimama upande mmoja, mimi upande wa pili, bawa katikati yetu. Anachoma sindano ndefu kama mkono kando ya ubavu, naipokea, naivusha ng'ambo ya ubavu, namrudishia. Uzi unaukumbatia mti, anafunga fundo. Sikumwona uso. Chini ya bawa niliona viatu vyake tu.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Irudishe."

Tulikwenda vizuri. Vizuri mno, na hilo ndilo lililonitisha. Nilisikia akianza kuimba puani, na kila fundo nililihesabu kama limefungwa kwangu. Buluu, niliomba kimoyomoyo. Sema buluu.

"Ngoja," baba akasema. Akavuta uzi, ukaja wote bila kushika kitu. Nilikuwa nimeirudisha sindano upande uleule wa ubavu ilikotokea. "Hapa umeshona hewa, mama. Hujaugusa mti. Una nini leo?"

Ana kwa ana ningesema sina kitu. Lakini mbele yangu kulikuwa na kitambaa tu.

"Baba, nimepata chuo Oregon."

Viatu havikusogea. Yohance aliinuka polepole. "Ninaomba ruhusa nikanywe kahawa," akasema, akaingia ndani.

"Unakwenda lini?"

"Agosti. Lakini jibu wanalitaka Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Hii."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Anajua. Yule anajua kila kitu." Nikamsikia akigonga kitambaa kwa kidole. "Ndiyo maana ulikuwa unaitetea hiyo ya buluu kama wakili."

"Nyeupe inataka watu wawili, baba."

"Najua inachotaka."

Viatu vikaondoka. Nilipochungulia nilimkuta amepiga magoti, ana tambara lenye maji mkononi, anafuta. Alikuwa anafuta buluu.

"Baba!"

"Nini?" Hakuinua kichwa. "Hii ingekwisha kwa mwaka mmoja. Ungekuja likizo ukute nini? Ndege iko nje, baba yuko ndani anaangalia mpira. Hii nyeupe ina mabawa manne ya kushona, mawili kila upande. Manne, Vumilia! Yohance atanishikia matatu."

"Sikuulizwa," Yohance akasema kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

"Umeulizwa sasa."

Akafuta mpaka mkia. Sharti langu lilikuwa linageuka tope la buluu sakafuni, na nilijua hakuna jingine la kujificha nyuma yake. Jibu la Jumatatu lingetoka kinywani mwangu. Nilitaka kumwambia asante, nilitaka pia kumwambia kwamba naogopa, kwamba Oregon simjui mtu hata mmoja. Badala yake nikaukunja ule uzi uliolegea, mikono ikinukia nta yake.

Aliinuka akishika kiuno, akarudi nyuma ya bawa. Viatu vyake vilikuwa na alama za buluu.

"Huo uzi kata," akasema. "Tunaanza upya kwenye ubavu uleule."

Nikakata. Safari hii niliutafuta mti kwa kidole kwanza, nikauweka kidole hapohapo. Sindano ikatokeza kando yake.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Haya. Irudishe."