Bibi Harusi Ndani ya Kiti cha Mbio

Siku Grainne alipolinunua, gari lile lilikuwa gari lenye heshima zake. Lilikuwa dogo, la kijivu, lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku, na aliyelimiliki kabla yake alikuwa mwalimu mstaafu aliyelitumia kwenda kanisani Jumapili na kwa daktari wa meno mara mbili kwa mwaka. Viti vilikuwa bado vinanukia peremende. Bernadette, mama yake Grainne, alilizunguka mara moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Hili sasa ndilo gari la msichana mwenye akili."

Kauli hiyo ndiyo iliyoliponza gari.

Grainne alikuwa na miaka ishirini. Alifanya kazi katika kiwanda cha samaki kule Killybegs, bandari ya Ireland, na kutwa nzima alivaa buti nyeupe za mpira na kofia ya wavu, akafanana na wenzake mia moja na arobaini kama samaki wanavyofanana kwenye kreti. Alitaka awe na kitu kimoja duniani ambacho hakifanani na kitu. Na katika milima ile ya Donegal, kijana hajulikani mpaka gari lake lijulikane.

Alianza na rimu. Kisha akalishusha kwa springi fupi, likainamia lami kiasi kwamba paka wa jirani, aliyezoea kulala uvunguni, alihama. Akafunga ekzosi yenye mdomo mpana kama sufuria ya supu. Nyuma akapachika bawa alilolitoa kwenye gari kubwa zaidi lililokufa, likatokeza huku na huku mfano wa ubao wa kupigia pasi. Viti vya nyuma aliving'oa ili kupisha spika. Mwisho, mbele akafunga viti viwili vyekundu vya magari ya mbio, vyenye kingo ndefu za kumbana dereva mbavu na nyonga asiyumbe kwenye kona.

Injini hakuigusa. Kwa hiyo mwendo ulibaki uleule wa mwalimu mstaafu. Kilichoongezeka ni taarifa. Gari lilisikika likija dakika nne kabla ya kuonekana, na likishaonekana, lilipitwa na trekta.

"Unatengeneza gari au unatengeneza kesi?" Bernadette aliuliza kila jioni kupitia dirisha la jikoni. Yeye mwenyewe aliapa kutotia mguu ndani.

Aliyelipenda alikuwa mmoja tu, Bibi Dympna, mama yake Bernadette, mwenye miaka sabini na tatu. Kila gari lilipoingia uani kwake alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Washa tena nisikie!"

Grainne alikanyaga mafuta, vioo vya nyumba vikatetemeka, na bibi akafumba macho kama anayesikiliza kinanda.

"Lo! Mgongo umenyooka wenyewe," alisema. "Daktari hajawahi kunifanyia hivi."

Bibi Dympna alikuwa mjane kwa miaka kumi na mmoja. Majira yale ya kuchipua alikuwa amekubali kuolewa na Manus, mzee mfugaji wa kondoo, mwenye masikio makubwa na maneno machache, aliyemletea mboji kavu, udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, kwa misimu miwili ya baridi kabla hajaweza kusema kwa nini anamletea. Bernadette aliishika shughuli ya harusi kwa mikono miwili. Jioni moja, wakiwa mezani na nyama ya nguruwe na kabichi, alitangaza habari njema.

"Mama, nimezungumza na binamu Colm. Atatuazima lile gari lake la zamani, lile jeusi refu. Utaenda kanisani kama malkia."

"Jeusi refu?" Bibi Dympna aliweka uma chini. "Kwani nazikwa?"

"Mama!"

"Nitapelekwa na mke mwenzangu huyu hapa." Alimgonga Grainne begani. "Kwa gari lake."

"Lile si gari, Mama, lile ni debe la kelele!"

"Basi watajua nimefika. Naolewa nina miaka sabini na tatu, Bernadette, kanisa limejaa. Unataka niingie kimyakimya kama mwizi wa sadaka?"

Grainne aliinamia sahani yake asionekane anavyotabasamu. Usiku ule hakula kitindamlo, furaha ilikuwa imemshibisha.

Jumamosi ya harusi ilikuja na mvua nyembamba, ile isiyoonekana lakini inalowesha. Gari lilikuwa linameta, utepe mweupe umefungwa kwenye bawa. Bibi harusi, ambaye alikuwa bibi kwelikweli, alitoka nyumbani amevaa gauni la rangi ya maziwa, na ndani yake vazi la kubana kiuno ambalo Bernadette alilikaza kamba huku ameegemeza goti ukutani. Grainne mwenyewe, msimamizi wake, alivaa gauni la bluu.

Bibi aligeuka, akaanza kushuka kinyumenyume kuelekea kitini, Grainne akimshika mikono. Katikati ya safari magoti yakakata tamaa. Alitua kwa kishindo, gari likanesa mara tatu.

"Umeumia, Bibi?"

"Nimekaa kama yai kwenye kikombe. Funga mikanda, twende."

Wakaenda. Barabara ilikuwa ya mashimo, na kila shimo lilipiga tumbo la gari likalia. Kondoo wawili waliokuwa wamelala njiani walisikia mlio, wakaruka ukuta. Bibi Dympna alikuwa akicheka mpaka shada la maua likamwaga majani.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, Bibi. Ndiyo mwisho wake huu."

"Kanyaga zaidi!"

"Bibi, chini ya hapo ni barabara!"

Walipoingia uwanja wa kanisa, ekzosi ilipiga baruti moja ya kuwasalimu waalikwa, na ndani kwaya ikapoteza noti. Grainne aliruka nje, akazunguka, akafungua mlango kwa madaha na kumpa bibi mkono.

Bibi aliushika. Akajivuta. Hakuna kilichotokea.

"Ngoja," alisema. "Moja, mbili, tatu!"

Kiti kilimng'ang'ania. Nyonga zake, zikisaidiwa na lile vazi gumu, zilikuwa zimezama kati ya zile kingo mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya vijana wembamba wenye haraka. Grainne alifungua mikanda, akavuta. Bernadette alikuja na mwavuli, akautupa mwavuli, akavuta pia. Bibi alipanda kidogo, na kiti kikapanda naye, na gari zima likainuka upande mmoja kwenye springi zake kisha likarudi chini.

Padri Ruairi alitoka kuona kulikoni. Alikuwa mtu mwembamba, na saa nane kamili alikuwa na ubatizo wa mapacha.

"Jikoni kwangu kuna siagi," alinong'ona.

"Padri, mimi si mkate," alisema Bibi Dympna.

Sasa waalikwa walikuwa wameanza kutoka kanisani na miavuli yao. Wengine walinyoosha simu. Mjomba mmoja alishauri mlango ukatwe, mwingine akashauri bibi akatwe gauni, wa tatu akataka kujua kama kuna mtu aliyejaribu kumsukuma kwa nyuma. Uso wa Grainne ulikuwa unawaka moto. Akamtazama mama yake, akisubiri maneno. Alisimama tu, nywele alizozitengeneza tangu alfajiri zikishuka mashavuni kwa mvua, na Grainne aliona afadhali mara mia mama yake amtukane.

"Tufungie ndoa hapahapa," alisema padri, akiangalia saa. "Mlangoni pa gari."

"Hapana," alisema Grainne. "Bibi anaingia kanisani. Kiti kinatoka. Nilikifunga mwenyewe, kina boliti nne."

Alifungua mlango wa nyuma, akatoa spana, akajilaza kifudifudi kwenye dimbwi na gauni lake la bluu. Boliti za mbele zilitoka kwa upole. Kwa zile za nyuma ilibidi apenye chini ya gauni la bibi, miguu ikibaki nje mvuani, na kutoka humo ndani watu walisikia mazungumzo.

"Bibi, sogeza kisigino."

"Hicho si kisigino, mjukuu wangu, ni kiatu kimenitoka."

Boliti ya nne iligoma. Colm, yule binamu wa gari jeusi, alipiga magoti akajaribu, mishipa ikamtoka shingoni.

"Mpumbavu gani aliyekaza hivi?"

"Mimi," alisema Grainne. "Niliirukia spana kwa miguu miwili."

Waliirukia hivyohivyo kuifungua. Boliti ikalia kama nguruwe, ikaachia.

Gari la milango miwili lina fadhila moja, mlango wake ni mpana. Colm na wenzake watatu wa boti ya uokoaji, watu waliozoea kutoa miili mizito mahali pabaya, walikiinamisha kiti, wakakigeuza, wakakitoa, kikiwa na bibi ndani yake na shada la maua mapajani. Wakakinyanyua hadi mabegani, waalikwa wakakimbilia ndani kwenye mabenchi. Mpiga kinanda, asiyejua lolote, aliona mlango umefunguka akaanza kupiga.

Ndivyo Dympna alivyoingia kanisani, juu ya kiti chekundu cha mbio, akipungia mkono kulia na kushoto. Grainne alifuata nyuma, ameloa tope kuanzia kidevuni hadi vidoleni, amesahau spana mkononi. Benchi la kwanza walianza kucheka. La pili wakasimama wakapiga makofi. Wakafika mbele, wakakitua.

Manus aligeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko kiti.

"Umekuja," alisema.

"Nimeletwa," akajibu Dympna.

Padri Ruairi alifungua kitabu. "Maharusi na wasimame," alianza, kisha akamwangalia bibi harusi, akaangalia dari. Ndipo Manus, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema maneno zaidi ya kumi, akakunja suti yake magotini na kuketi chini, kwenye ngazi ya altare, uso wake ukalingana na wa Dympna. Akamshika mkono.

"Endelea, Padri," alisema. "Tumekaa vizuri."

Bernadette, benchi la kwanza, alitafuta leso kwenye mkoba. Grainne aliiona ile leso ikitoka na akaangalia pembeni upesi, maana leso yake mwenyewe ilikuwa imelowa grisi.

Ndoa ikafungwa. Waalikwa walipoanza kujiuliza namna ya kumpeleka bibi harusi kwenye karamu hotelini, kama ni kwa lori au kwa mashua, Manus alikizunguka kiti polepole, akakiangalia kwa jicho la mtu aliye kazini.

"Mlikuwa mnamvuta juu," alisema. "Kondoo akikwama kwenye ua hamumvuti juu. Mnamlaza."

Walimlaza chali, kiti na yeye. Manus akapiga magoti kichwani kwake, akamtia mikono kwapani.

"Toa pumzi yote, Dympna. Geuza nyonga ya kushoto. Sasa ya kulia. Taratibu."

Ukasikika mlio mmoja wa chupa kuzibuliwa, na Bibi Dympna akateleza nje kwa kupitia juu, hadi kwenye zulia jekundu. Kanisa likalipuka kwa shangwe. Alikaa, akaweka sawa kofia yake, akamgeukia mumewe wa dakika tano.

"Umenifananisha na kondoo mbele ya Mungu?"

"Kondoo mzuri," alisema Manus.

Maharusi walienda hotelini kwa gari jeusi la Colm, na Dympna hakulalamika, ila aliketi upande wa dirisha. Waalikwa wakafuata. Mapacha wa ubatizo walishafika, wanalia. Grainne alikibeba kiti chake mgongoni hadi uwanjani, akajilaza tena kwenye tope lilelile kukirudisha. Mara mvua ikaacha kumnyeshea. Akainua macho, akaona mwavuli, na chini ya mwavuli, mama yake.

"Nipe spana," alisema Grainne.

"Ipi?"

"Ile namba kumi na saba."

Bernadette alichutama, akaitafuta, akampa. Boliti moja, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuonekana. Walipekua matope, wakapekua mikoba, wakamwita hata mtunza kanisa. Ilikuwa imebingirika hadi mtaroni, na mtaro ulikuwa unakwenda mbio.

"Tatu si zinatosha?" aliuliza Bernadette. "Ni mwendo wa nusu maili tu. Nitakaa."

Grainne alitoka uvunguni. "Hazitoshi. Sikupakii kwenye kiti cha boliti tatu, Mama. Hata uniombe."

Bernadette alimtazama bintiye: nywele zimegandamana, grisi puani, gauni la msimamizi limekuwa tambara la gereji, na uso mkali kama wa mkaguzi wa magari. Kicheko kilimtoka ghafla, cha tumboni, mpaka akalazimika kujishika kwenye lile bawa.

"Basi funga gari tutembee," alisema.

Wakatembea, mwavuli mmoja, viatu mkononi, katikati ya barabara tupu. Walipofika hotelini supu ilishapoa na hotuba zilishaanza, na wote wawili walikuwa bado wanacheka kiasi kwamba mhudumu wa mlangoni aliwauliza kama wamealikwa kweli.

"Huyu ni binti yangu," Bernadette alimwambia. "Fundi."