Dada Watatu wa Katungu

Picha ilikuwa haijazimika vizuri, Gérard akawa tayari amepanda juu ya benchi na viatu vyake vyenye vumbi la barabara ya Beni.

«Bongo! Unadanganya! Hakusema vile! Rudisha nyuma!»

Ukumbi mzima ukamfuata kwa makelele. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikichagua mbegu za maharagwe kwenye sahani, kwa sababu macho yakiwa kwenye sinema mikono haina sababu ya kukaa bure.

Ukumbi wetu uko nyuma ya duka la misumari, hapa Butembo. Kila Jumamosi, saa nane mchana, tunaonyesha sehemu moja ya Chombo Tisini. Ni mchezo wa televisheni kuhusu meli inayozunguka kati ya nyota ikitafuta dunia yake iliyopotea. Sasa uko msimu wa ishirini na tatu. Watu wake wanasema Kiingereza, na sisi hatukijui, kwa hiyo mtu mmoja anakaa kando ya ukuta na mikro, anatafsiri kila neno: la mwanaume, la mwanamke, hata la roboti. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa Maliro, mume wangu. Alipokufa, ukumbi ulikaa miaka miwili umefungwa, hadi binti yetu Abigaïl aliporudi kutoka shule Uganda na kuomba mikro ya baba yake. Alienda kusoma huko kwa ajili ya mikro hiyo tu. Ina utepe mwekundu ambao Maliro aliufunga mwenyewe, na Abigaïl hajawahi kuubadilisha.

Siku hiyo kamanda wa meli alisimama mbele ya mahakama ya mashine. Wakamuuliza nani atamlilia akifa. Abigaïl akatafsiri jibu lake: «Hakuna mutu. Mimi ni mutoto mumoja tu kwa mama yangu.»

Hapo ndipo Gérard alipopanda benchi.

Mgeni asingeelewa hasira yao. Kamanda anaitwa Katungu, jina alilopewa na Maliro tangu sehemu ya kwanza kabisa. Kwetu, jina la msichana linasema namba yake: Masika ni wa kwanza, Kavira wa pili, Kavugho wa tatu, Katungu wa nne. Hata wakubwa wakifa, namba haishuki. Basi huwezi kumwita mtu Katungu halafu ukose kuuliza dada zake watatu wako wapi. Mchezo haukuwahi kuwataja. Watazamaji wakawatafuta wenyewe kati ya watu wa mchezo. Masika ni Malkia wa Barafu, hilo walikubaliana. Lakini mwanamke mwenye kinyago, watu wa Beni wanasema ni Kavugho, wa Butembo wanasema ni Kavira, na wako wanaume wazima ambao hawasalimiani sokoni kwa sababu hiyo. Gérard, ambaye anauza vipuri vya pikipiki kule Beni, amejaza daftari tatu za ushahidi na anazibeba ndani ya koti kila Jumamosi.

«Katungu ni mutoto mumoja?» alisema. «We Abigaïl, kwenu banahesabiaka namna gani? Wa ine bila wa kwanza?»

«Njo vile alisema,» Abigaïl alijibu. «Mi natafsiri, sitengenezi.»

«Baba yako hangesema ujinga kama ule!»

«Uganda ilimufundisha kula matoke, si Kiingereza!» mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na watu wakacheka kicheko kibaya.

Walimgeukia Kitsa, mfanyabiashara wa kakao wa Kamango anayevuka mpaka wa Uganda kila juma. «Kitsa, weye njo unajua. Sikiliza.»

Wakarudisha picha mara tatu. Kitsa aliinamisha kichwa kama mtu anayejaribu redio sokoni.

«Kiingereza yangu ni ya kakao,» alisema mwishoni. «Angesema kilo, ningesikia. Hakusema kilo.»

Hakuna aliyecheka. Zacharie, mwalimu mstaafu na msimamizi wa ukumbi, akainua mkono. Ni mtu wa amani, na siku hiyo amani yake ilinitisha kuliko makelele ya Gérard.

«Abigaïl, mwana wangu. Tengeneza neno moja tu. Sema: nimebaki mutoto mumoja. Bale batatu balikufa, donc amebaki peke yake. Kila mutu anarudi kwake na heshima.»

Niliona mabega ya watu yakishuka. Hata Gérard aliufunga mdomo. Dada watatu wangekuwa wamekufa, lakini wangekuwa wamezaliwa, na daftari zake zingebaki na maana.

«Hakusema kubaki,» Abigaïl alisema.

«Ni neno moja, mwana wangu.»

«Papa Zacharie, nikiongeza moja leo, kesho nitaongeza ingine. Hapana.»

«Basi aweke mikro chini!» Gérard alirudi juu ya benchi. «Mikro ya Maliro haishikwi na mutu mwenye kuharibisha kazi ya Maliro! Mwenye kukubali anyooshe mukono!»

Mikono ikanyooka. Zacharie akaanza kuhesabu polepole, kidole kimoja kimoja, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona. Ilikuwa mingi, na si ya Beni tu. Abigaïl alikuwa ameishika ile mikro kwa mikono miwili chini ya kidevu, kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Nina diploma yangu ya miaka mitatu ya maendeleo ya vijijini. Nimewaambia wanaume kwenye mikutano kwamba mbegu zao zimeoza, na sijawahi kutetemeka. Siku hiyo nilisimama polepole. Niliweka sahani chini.

«Mushushe mikono.»

«Mama Abigaïl, weye ni muzazi, haupige kura,» Gérard alisema.

«Sipigi kura. Nakuambia kitu. Maliro hakujua Kiingereza.»

Mtu akasonya.

«Alijua maneno ya kwenye katoni za sabuni. Yote ingine alikuwa anaangalia midomo na anatunga. Jioni nilimuuliza, alicheka.»

«Unatukana marehemu?»

«Nilimuzika. Nina haki. Na ile jina Katungu, musikilize. Siku ya kwanza ya Chombo nilikuwa nimekaa benchi ya mbele. Maliro alikuwa ameniomba tuoane mara mbili, nikamukatalia mara mbili. Kamanda alipoingia, Maliro akaniangalia, akasema mu mikro: naitwa Katungu. Sale yote, ukumbi muzima, ikacheka. Katungu ni mie. Munaniitaka Mama Abigaïl mpaka mulisahau. Dada zangu batatu, njo hawa: Masika eko Kalunguta analima, Kavira eko Mbau na banda yake kando ya barabara, Kavugho alikufa. Hakuna hata mumoja mwenye alikuwa Malkia ya Barafu.»

Gérard alitoa daftari zake, akaziangalia, akazirudisha.

«Na vita ya Chombo kule mwezi wa pili?» mtu aliuliza kwa sauti ndogo.

«Alitunga.»

«Na siku Katungu alimusamehe mufalme?»

«Alitunga. Nadhani ule mufalme alikuwa anaomba chakula.»

«Mama, nyamaza.»

Abigaïl hakusema kwa nguvu. Lakini mikro ilikuwa inawaka, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili, juu ya vichwa vyetu.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekwisha kusema yote.

Wakanitolea matusi, na mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia. Mwanamke mmoja ninayemuuzia mbegu kila msimu aliniambia nilikuwa nangojea Maliro afe ili nimfanye kichekesho cha watu. Ganda la karanga likanipiga shavuni. Zacharie aligonga meza hadi wakatulia kidogo.

«Kama ni vile,» alisema, naye alionekana amezeeka ndani ya dakika tano, «mu sale hii mutu mwenye kujua Kiingereza ni mumoja, na ni Abigaïl. Mikro inabaki kwake. Kura imekwisha.»

«Mubaki nayo!» Gérard alikuwa mlangoni na watu wake wote wa Beni. Alinipita bila kugeuza shingo, akasimama, akarudi hatua moja. «Sisi tutatafuta wetu. Mwenye hajue Kiingereza. Kama Maliro.»

Nikasikia pikipiki zao zikiwaka moja baada ya nyingine.

Abigaïl alitangulia kurudi nyumbani, akipita upande mwingine wa barabara. Nilipika ugali na sombe. Alikaa mbele ya sahani bila kunawa mikono.

«Baba alikuwa ananifundisha,» alisema. «Nilipokuwa mudogo. Maneno ya Kiingereza. Nilienda nayo Uganda, darasa yote ikanicheka. Nilifikiri ni mie nilisahau.»

Hilo sikulijua. Nikasogeza mboga karibu naye.

«Ungeacha banipokonye mikro, Mama.»

«Ungelia mwaka muzima.»

«Ningelia, lakini baba angekuwa vile nilimujua.»

Akaondoka mezani. Juma zima aliniambia maneno ya lazima tu: maji yamekwisha, mteja yuko mlangoni.

Jumamosi iliyofuata nusu ya mabenchi yalikuwa matupu. Nilienda. Sikukaa karibu na mlango, nilikaa benchi ya mbele, bila sahani ya maharagwe, na hakuna aliyekaa karibu nami. Abigaïl alijaribu mikro kwa kidole, akaukaza utepe mwekundu.

Kesi iliendelea palepale ilipokatwa. Mashine kubwa ikamwamuru kamanda ataje jina lake kabla ya hukumu. Kamanda akainua uso, akalitaja. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tatu nililisikia vizuri, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyelifunika. Jina fupi la kigeni. Halikufanana na letu hata kidogo.

Abigaïl alikaa kimya. Picha ikaendelea, midomo ya mashine ikawa inacheza bila tafsiri. Nyuma yangu mtu akapiga mluzi. Kitsa akasema, «Tafsiri basi!» Zacharie akainuka nusu kwenye kiti chake.

«Naitwa Katungu,» Abigaïl alisema kwenye mikro.

Nilimgeukia. Macho yake yalikuwa kwenye picha, na alikuwa amekwisha kuanza maneno ya mashine, kwa sauti nzito, haraka haraka, ili aifikie.