Nimesikia ya Fundi

Watu wengine wakikuambia nimesikia, ujue wamekubali na mambo yamekwisha. Kwa fundi seremala yule, nimesikia lilikuwa neno la kufungia mlango. Alilitamka kwa upole, macho chini, kisha akaendelea kupiga randa, na ulichomwomba hukioni mpaka uote mvi. Mkewe alilijua hilo, wateja walilijua, na binti yake alilijua kuliko wote. Siku alipomwambia baba kwamba amepata kazi benki, idara ya mikopo, alijibiwa hivyo hivyo: "Nimesikia." Tangu siku hiyo fundi hakugusa sukari wala unga ulionunuliwa kwa mshahara wa binti. Riba ni riba, alisema, hata ikiletwa na mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, ila hata damu huganda. Binti akawa anakuja na vifurushi vyake, anavipeleka kwa mama, na baba anamsalimia kama anavyomsalimia mpangaji wa jirani. Ilimuuma, tena sana, lakini hakuacha kuja na hakuacha kuleta.

Benki ilipofungua dirisha la Kiislamu, lisilotoza riba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba kuhamishwa. Wenzake wakanong'ona kwamba anatafuta cheo. Cheo gani, maskini, na pale dirishani kiti chenyewe kilikuwa kibovu? Alitaka baba yake ale chakula chake, basi.

Na baba akaja. Hakumwambia mtu. Alikaa foleni na vumbi la mbao kwenye nyusi, zamu yake ikafika, akajongea dirishani kana kwamba hawajuani.

"Nataka mashine ya randa," alisema. "Mikono imechoka. Lakini nieleze kwanza. Hii siyo riba ileile mmeipaka sukari?"

"Siyo, baba. Kule kwingine benki inakukopesha hela, na deni linaanza ukishazipokea, mashine ije isije. Hapa hatukopeshi hela. Tunanunua mashine, inakuwa mali yetu, ikiungua ni hasara yetu. Halafu tunakuuzia, na faida yetu unaijua tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Ukichelewa, bei haipandi."

"Na deni linaanza lini?"

"Nikisema nimekuuzia, na wewe ukasema nimekubali. Kabla ya hapo hakuna deni."

"Kama ndoa."

"Kama ndoa, baba."

Fundi alicheka puani. Akaahidi kununua, akaiweka karakana yake dhamana pamoja na chumba cha nyuma alichoishi na mkewe, akaondoka bila kuaga.

Benki ikanunua mashine, ikaipeleka karakanani ikiwa bado kwenye nailoni yake. Binti akapiga simu. Maneno yale alikuwa amewasomea wateja wengi kwa kichwa, lakini siku hiyo aliyasoma kwenye karatasi, neno kwa neno. "Benki imekuuzia mashine hii, baba, kwa bei tuliyopatana. Umekubali?"

"Nimesikia, mwanangu," alisema. "Njoo nyumbani. Neno la kukubali halisemwi kwenye simu."

Mwanangu. Alikuwa hajaitwa hivyo tangu aanze kazi. "Nitakuja kesho, baba," alisema, akakata simu akiwa anatabasamu peke yake. Kesho yake wakaguzi wakaingia ofisini, na kesho kutwa kukawa na kikao kisichokwisha. Asubuhi iliyofuata mama alipiga simu, akawa analia tu. Moyo wa fundi ulikuwa umesimama.

Matanga yalipokwisha, mwanasheria wa benki alimwita binti ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole, akamvutia kiti, ndipo akafungua jalada.

"Mashine ilikuwa kwake, na umeandika hapa kwamba alipoulizwa alisema amesikia," alisema. "Kwa Kiswahili cha watu wote hapo amekubali. Hata mahakama itatuelewa. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye simu, dada. Alikubali au hakukubali?"

Binti alijua swali linakwenda wapi. Akisema alikubali, deni linaingia kwenye mirathi, na mama hana cha kulipia isipokuwa karakana na chumba anacholala. Akisema hakukubali, mashine ni ya benki, benki ichukue mali yake, mama abaki na paa lake. Lakini moyo wake ulitaka kusema ndiyo, alikubali, alinikubali, andika kwa wino mzito. Si aliniita mwanangu? Si alisema nije?

"Baba yangu akisema nimesikia, maana yake hajakubali," alisema. "Mimi mwenyewe alinijibu hivyo nilipopata kazi hapa. Amekufa hajala chakula changu."

Mwanasheria akaweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Yeye alisikia. Mimi kukubali kwake sikukusikia. Andika hakukubali." Machozi yakamtoka palepale, na hakuyafuta.

Wapagazi walikuja na lori kuichukua mashine. Binti alisimama na mama mlangoni mwa karakana mpaka ilipotolewa. Nyuma ya pale ilipokuwa kulikuwa na vigoda viwili, kimoja cha zamani, kingine kipya, hakijapakwa hata vanishi.

"Hicho kipya ni chako," mama alisema. "Siku zile mbili alikuwa anavaa shati safi, anakaa hapa kukusubiri. Nikamwambia mpigie mtoto. Akasema muache, ana kazi, atakuja."

Binti akapitisha kidole kwenye mbao ya kile kigoda.

"Tena aliniambia ukifika nichemshe chai," mama aliendelea, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Akasema nitie sukari yako, ile uliyoileta."

Lori lilikuwa limeshawashwa. Binti akakalia kile kigoda kipya, akashika kingo zake kwa mikono miwili.

"Umesikia, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimesikia, mama," alisema.